Gia moja: raha yake iko wapi, na meno mangapi yatakutosha

"Fundi, shikamoo. Baiskeli yangu ni ya gia 21, na gia zenyewe zinanitoa jasho kuliko mlima. Leo cheni inaruka, kesho waya umelegea. Rafiki yangu kazini amegeuza yake ikawa ya gia moja, na siku hizi hana habari nyingine. Akanipa niijaribu. Mlimani nilisota, mteremkoni miguu ikazunguka bure, nikamrudishia. Nanyonga kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, na njiani kuna mlima mmoja wa kweli. Hiyo raha anayoisema iko wapi? Au ni mbwembwe tu? Na ile ambayo pedali hazisimami, niichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Mbwembwe zipo, sitakuficha. Wapo walioingia gia moja kwa sababu baiskeli bila nyaya inapendeza machoni, basi. Lakini rafiki yako hajakudanganya. Alichokosea ni kukupa baiskeli iliyopimwa kwa miguu yake na kwa njia yake, nawe ukakosea kuipanda dakika tano ukatoa hukumu. Ni kama kuazima miwani ya mtu, halafu useme kusoma hakuna raha.

Kabla ya yote, hizo gia 21 unatumia ngapi? Bandika kikaratasi kwenye usukani, na kwa wiki nzima kila ukifika uandike ulizotumia. Nimewapa watu wengi zoezi hili, na jibu mara nyingi ni tatu, nne zikizidi. Si uvivu. Ishirini na moja ni hesabu ya dukani: magurudumu matatu ya meno mbele, mara saba ya nyuma. Chukua mpangilio wa kawaida wa baiskeli kama yako, mbele meno 48, 38 na 28, nyuma kuanzia 14 hadi 28. Ukiweka 28 mbele na 14 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili. Ukiweka 48 mbele na 24 nyuma, ni mara mbili vilevile. Hiyo ni gia moja iliyohesabiwa mara mbili. Toa zinazofanana au kukaribiana, toa na zile zinazoikunja cheni upande hadi ikalia, utabaki na kumi na kitu. Katika hizo, miguu yako imekwisha chagua tatu bila kukuomba ruhusa. Kwa hiyo unapouliza kama unaweza kuishi na moja, safari si ya kutoka 21 hadi 1. Ni ya kutoka tatu.

Sasa raha. Watu husema ni wepesi, husema ni urembo, husema ni matengenezo machache. Matengenezo nakubali, na nitayarudia. Uzito unapungua kidogo tu, usiuhesabu. Kwangu mimi raha inaanza kwenye kidole gumba. Mwenye gia nyingi ana kazi ndogo isiyoisha: kila barabara ikiinuka au upepo ukigeuka, kuna swali, nihamishe au nisihamishe? Ni swali dogo, hulisikii tena, lakini lipo na linakula nafasi kichwani. Ukiliondoa, siku tatu za kwanza kidole kinaendelea kutafuta kitu ambacho hakipo. Siku ya nne kinatulia, na macho yanarudi barabarani.

Chukua huo mlima wako. Ukiwa na gia, mlima unaanza pale unapoanza: unafika chini, unapunguza, unapanda umekaa, unafika juu. Ukiwa na gia moja, mlima unaanza mita mia kabla. Unautazama kwa mbali. Kuna gari linalotaka kukata kona? Kuna mtu anavuka? Kama njia ni nyeupe, unakanyaga kwa nguvu ukiwa bado kwenye tambarare, kwa sababu kasi utakayoingia nayo ndiyo gia yako ya pili. Robo ya kwanza ya mlima inakwisha bila wewe kujua. Halafu pedali zinaanza kuwa nzito, na hapo usingoje zikushinde. Mtu akisubiri hadi miguu igande ndipo ainuke, amechelewa. Inuka mapema, ungali na mzunguko. Mikono inavuta usukani, baiskeli inalala kidogo kushoto mguu wa kulia ukishuka, kisha kulia, na uzito wa mwili wote unafanya kazi ambayo mapaja peke yake yasingeiweza. Karibu na kilele unakwenda polepole kweli, polepole kiasi cha kuona kokoto moja moja. Kisha barabara inalala, unakaa, na ile gia iliyokuwa adui sekunde kumi zilizopita inakuwa laini ghafla. Hicho ndicho rafiki yako anashindwa kukueleza.

Na mteremkoni? Miguu "ikazunguka bure," umeandika, kana kwamba ni hasara. Acha kunyonga. Kaa, pedali zote mbili ziwe usawa mmoja na ardhi, ushuke. Watu wana tamaa ya kutaka kukanyaga hata pale barabara inapowabeba bure. Kwenye safari ya kilomita 9, kile unachokosa kwa kutokukanyaga mteremkoni ni kitu cha sekunde.

Hili la gia moja halikuzuliwa na vijana wa mjini. Zile baiskeli za zamani zenye gurudumu kubwa mbele zilikuwa na pedali zilizofungwa kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo ukubwa wa gurudumu ndio uliokuwa gia: mwenye miguu mirefu aliendesha gurudumu kubwa, akaenda kasi zaidi. Baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley, mwaka 1885, ilipeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa cheni, na tangu hapo meno ndiyo yakawa ya kuhesabiwa. Mashindano ya Tour de France yalipoanza 1903, yenye hatua sita na jumla ya kilomita 2,428, hakuna aliyekuwa na kifaa cha kuhamisha cheni. Hata vifaa hivyo vilipokuwapo, waandaaji waliwakataza washindani kuvitumia hadi 1937. Kilichokuwa kikifanyika ni kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa na meno upande wa kulia na upande wa kushoto. Ukifika chini ya mlima mkubwa unashuka, unafungua nati, unaligeuza gurudumu, unafunga, unaendelea. Ukifika juu, unarudia.

Nakusimulia hayo kwa sababu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kwamba mlima wako umeshapandwa, na mibaya kuliko huo, na watu wasio na cha kuhamisha. Ya pili ni kwamba waliporuhusiwa kuhamisha, hawakutazama nyuma. Kwa hiyo atakayekwambia gia moja ni bora kuliko gia nyingi, mwache aendelee na hadithi zake. Kwa mashindano ya milimani, kwa mizigo mizito, kwa safari ya siku nzima nchi ya vilima, gia nyingi ni bora, hakuna mjadala. Wewe swali lako ni la kilomita 9 asubuhi na 9 jioni, na huko ndiko gia moja inakoishi vizuri.

Basi tufike kwenye meno, maana hapa ndipo watu wengi huharibu. Kwenye gia moja uchaguzi upo, ila unaufanya mara moja tu, umekaa, umetulia. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa baiskeli nyingi za barabarani ni kama mita 2.1. Mbele 44, nyuma 18: unapata 2.44, na kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 5.1 hivi. Ukinyonga mizunguko 80 kwa dakika, ambayo ni mwendo wa mtu asiye na haraka wala usingizi, unakwenda kilomita 24 hadi 25 kwa saa. Ukikaza hadi 100, unagusa 30. Kwa mtu wa kawaida kwenye njia yenye mlima mmoja, ningeanzia hapo au chini yake kidogo, 42 kwa 18.

Baiskeli ya rafiki yako sijaiona, lakini nabahatisha: 48 kwa 16? Hiyo ni mita 6.3 kwa mzunguko. Ni gia ya kujionyesha kwenye tambarare. Inakwenda, ndiyo, lakini kila taa ya barabarani unaianza kama anayesukuma kabati, na magoti ndiyo yanayolipa. Maumivu ya mbele ya goti yakikuanza, angalia mambo mawili kabla ya kununua dawa: gia nzito mno na kiti kilichoshuka. Kiti ukipime hivi: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke kabisa bila nyonga kuinama upande.

Jino moja nyuma ni kitu kikubwa kuliko linavyoonekana. Kutoka 18 kwenda 17 gia inakuwa nzito kwa karibu asilimia 6. Jino moja mbele linabadilisha kama asilimia 2 tu. Kwa hiyo rekebisha kwa nyuma kwanza, na kwa mbele ukiwa umeshakaribia unapotaka.

Lakini usinunue kitu bado. Unayo maabara tayari, na bure. Chukua baiskeli yako ya gia 21, weka mbele lile la kati, 38, na nyuma 16. Hiyo ni 2.38, karibu mita 5 kwa mzunguko. Funga vile vijiti vya kuhamishia kwa utepe, uvisahau. Nyonga hivyo kwa wiki mbili, kwenda na kurudi, hata siku ya upepo, hata siku umechoka. Wiki ya kwanza utamlaani aliyekushauri. Mwisho wa wiki ya pili utajua mambo matatu ambayo mimi siwezi kukuambia nikiwa huku: kama gia hiyo ni nzito au nyepesi kwako, kama mlima ule unapandika, na kama kidole gumba kimetulia. Ukiona bado unatamani kukata utepe, kata. Umepoteza utepe tu.

Ukiamua kugeuza kweli, tazama kwanza fremu, pale ekseli ya nyuma inapokaa. Kama mwanya wake umelala, unaweza kuvuta gurudumu nyuma na kukaza cheni. Kazi ni rahisi. Baiskeli nyingi za gia 21 mwanya wake umesimama wima, gurudumu haliendi mbele wala nyuma, na cheni itabaki imelegea. Hapo utahitaji kikaza-cheni, kile kigurudumu kidogo chenye springi. Hata kile kifaa cha kuhamishia gia ulichonacho kinaweza kufanya kazi hiyo kikifungwa mahali pamoja. Si kizuri machoni, lakini kinafanya kazi.

Kingine ni kwamba cheni inyooke. Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, funga jicho moja, tazama kutoka meno ya nyuma hadi ya mbele. Ikiwa imekwenda upande hata milimita chache, italia, itakula meno, na siku moja itatoka. Ndiyo maana nakwambia utumie lile la kati la mbele, halafu usogeze la nyuma kwa vipete, zile pete nyembamba za kujazia nafasi kwenye ekseli, hadi yakae mstari mmoja. Na usitumie gurudumu la meno lililotolewa kwenye seti ya gia nyingi ukaona umeokoa hela. Meno yale yamekatwa mafupi na kupindwa kusudi cheni ipande na kushuka kwa urahisi, nawe sasa unataka kinyume chake, meno marefu yaliyonyooka ambayo cheni ikikaa imekaa. Angalia na upana pia: cheni nene za gia moja zina upana wa ndani wa milimita 3.2, nyembamba 2.4. Cheni nyembamba haiingii kwenye meno manene. Cheni nene kwenye meno membamba inaingia, ila inapiga kelele kidogo.

Sasa kukaza. Hili nililipa kwa kifua changu. Baiskeli yangu ya kwanza ya gia moja niliikaza jioni moja, nikabonyeza cheni kwa kidole, nikaona imekaza vizuri, nikaondoka. Kesho yake kwenye makutano, taa ikageuka, nikainuka kukanyaga kwa uzito wote. Cheni ikatoka. Mguu ukashuka bila kitu chini yake, kifua kikapiga usukani, na nyuma yangu dereva akapiga honi kana kwamba nimefanya kusudi. Nilichokosea ni kupima mahali pamoja tu. Meno ya mbele hayako katikati sawasawa hata kwenye baiskeli nzuri, kwa hiyo cheni hiyohiyo inakaza na kulegea pedali ikizunguka. Mimi nilipima pale ilipokaza.

Fanya hivi. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali taratibu kwa mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kikibonyeza cheni katikati, kati ya mbele na nyuma. Tafuta pale inapokaza kuliko pote. Hapo ndipo upime: icheze juu na chini kama sentimita moja. Ikiwa haichezi kabisa, utasikia pedali zinasaga na beringi zitakufa mapema. Kisha endelea kuzungusha hadi pale ilipolegea kabisa, ujaribu kuisukuma cheni kando kwa kidole. Isitoke. Halafu kaza nati, kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa zamu, maana ukimaliza upande mmoja kwanza gurudumu linapinda. Nati za ekseli nyingi ni spana namba 15, na hiyo spana iwe kwenye mfuko wako kila siku. Bila hiyo, pancha ya kawaida itakufanya utembee.

Umeniuliza pia, pale mwisho wa barua, kama uchukue ile ya "pedali hazisimami". Hiyo ni gia iliyofungwa, haina friwili: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, upende usipende. Ndiyo ya mashindano ya uwanjani, na huko haina hata breki. Ina utamu wake, unapunguza kasi kwa miguu na baiskeli inakuwa kama imeota mwilini mwako. Lakini kwa kuanzia, hapana. Miaka yote umezoea kusimamisha miguu ukiona shimo, na siku ya kwanza utasimamisha, baiskeli itakurusha. Kwenye kona kali pedali ya ndani inaweza kugonga chini kwa sababu huwezi kuizuia juu. Suruali pana au kamba ya kiatu ikiingia kwenye cheni, cheni haisubiri. Anza na friwili na breki mbili zinazokamata. Kama baada ya mwaka bado moyo unataka, kuna magurudumu yenye friwili upande mmoja na meno yaliyofungwa upande wa pili, ndugu wa yale ya Tour de France, unageuza tu. Hata hapo breki ya mbele usiitoe, hata wakikucheka.

(Kwa wanaopenda kuburuza tairi kwa miguu: 48 kwa 16 inagawanyika sawa, mara tatu kamili, kwa hiyo kila ukifunga miguu mahali pako pa kawaida ni kipande kilekile cha tairi kinachokwaruza lami. Badilisha nyuma iwe 17, vipande vinakuwa 17. Nimeona tairi mpya ikitoboka mahali pamoja, kwingine kote ikiwa na vinyweleo vya kiwandani.)

Matengenezo niliyoahidi kuyarudia ni mafupi. Futa cheni kwa kitambaa, weka tone la mafuta kila kiungo, futa tena ya ziada. Pima urefu wake kwa rula mara moja moja: kutoka pini moja hadi ya ishirini na nne baada yake, cheni mpya ina sentimita 30.5. Ikifika karibu 30.8, itoe kabla haijakula meno. Kila wiki mbili pitia kukaza kwake. Hakuna waya wa kulegea, hakuna cha kupinda baiskeli ikianguka upande wa kulia.

Na siku mlima umekushinda, shuka usukume. Walioshinda Tour walishuka kugeuza gurudumu. Wewe unashuka kunyoosha mgongo.

Vile vitu utakavyovitoa, nyaya, vijiti, seti ya nyuma, usiviuze wala kumpa mtu. Vifunge kwenye boksi pamoja na vipete vyake, uandike juu yake ni vya baiskeli gani. Mmoja wa watu niliowageuzia alihamia nyumba ya juu mlimani miezi minane baadaye, na boksi lake lilikuwa bado chini ya kitanda. Tulimrudishia gia zake kwa saa moja na nusu.